Maoni Matatu ya Bwana Kiboko

Haya, ngano!
— Ije!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Mmetulia?
— Hatujatulia!

Afadhali msitulie, maana hata wenye ngano hii hawakutulia. Kilikuwa kiangazi. Nyasi zimekauka, upepo unapeperusha vumbi, mto umenywea umebaki kama mkanda. Mwenye njaa hatulii. Na hapo kando ya mto palikuwa na shule ya wanyama, ikiitwa Shule ya Kandokando.

Shule yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na darasa moja lenye paa la nyasi, na uwanja wa kuchezea uliomwagiwa maji na watoto wenyewe mpaka ukabaki kijani. Ilikuwa pia na ghala la mtama. Kila adhuhuri watoto walipikiwa uji wa mtama, na kiangazi kile wengi hawakuwa na chakula kingine mpaka kesho yake.

Basi mwenyekiti wa kamati ya shule akahama na jamaa zake kwenda kutafuta malisho. Kiti kikawa wazi. Mwalimu Korongo, mkuu wa shule, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya wazazi, akasema, "Keshokutwa tunachagua mwenyekiti mpya. Ndiye atakayeshika ufunguo wa ghala. Nani anagombea?"

Kabla hajamaliza, majini kukasikika gubu-gubu-gubu, kikatoka kichwa, ikatoka shingo, likatoka tumbo, na tumbo likaendelea kutoka mpaka wazazi wakachoka kuangalia.

"Mimi," alisema Bwana Kiboko.

Hakuna mzazi mwingine aliyejitokeza. Mto ule Kiboko aliuita wake, na aliyemuudhi hakunywa maji.

"Vema," akasema Mwalimu Korongo. "Mgombea, tuambie maoni yako kuhusu elimu."

Kiboko akakohoa, bwohh! "Elimu... elimu ni jambo la elimu. Nina maoni matatu. La kwanza, uji. Mtoto akishiba anasinzia. Uji ukome, mtama ubaki ghalani chini ya uangalizi wangu. Nani ana maoni mengine?"

"Hatuna!" wakajibu wazazi.

"La pili, uwanja. Michezo inapoteza muda. Mtoto akae, asitikisike, toka asubuhi hadi jioni. Uwanja nitautunza mimi. Nani ana maoni mengine?"

"Hatuna!"

"La tatu, paa. Kivuli kinalegeza watoto. Paa la nyasi liezuliwe, jua liwapige utosini, akili ziive. Nyasi zake nitajua mimi pa kuziweka. Nani ana maoni mengine?"

"Hatuna!"

Nyuma kabisa ya wazazi alikuwapo Mama Nguchiro. Mama huyu alikuwa mdogo kama kinu cha kutwangia vitunguu saumu, na tangu azaliwe hakuwahi kukaa mahali pamoja. Huku hakai, kule hatulii. Watoto wake sita walisoma pale. Akamnong'oneza Baba Ngiri aliyekuwa pembeni yake, "Baba Ngiri, umesikia? Mtama unaliwa. Nyasi za uwanja zinaliwa. Nyasi za paa zinaliwa. Maoni matatu, na yote yanaliwa!"

"Nyamaza, dada," akasema Baba Ngiri. "Mimi nina kiu, nina wake wawili, na wao wana kiu."

Mama Nguchiro akaenda nyumbani, chaka-chaka-chaka. Akafagia mlango wa shimo, akafagia tena. Akawatazama watoto wake sita mbavu zinavyohesabika. Kama uji ukikoma, watavuka vilima viwili kwenda shule kwa nguvu gani? Na akisema hapana, watakunywa wapi? Huku hakai, kule hatulii.

Kulipopambazuka alikuwa mtoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Kiboko hakuwa amewahi kuitwa Mheshimiwa. Masikio yake yakatikisika. "Marahaba. Wewe nani?"

"Mzazi tu. Maoni yako yamenikaa moyoni, Mheshimiwa. Nipe kazi ya kukupigia debe."

"Kwani nina mpinzani?"

"Huna. Lakini kushinda bila shangwe, huko nako ni kushinda?"

Kiboko akawaza shangwe. Akaziona kabisa. "Haya, nipigie."

Mama Nguchiro akachukua debe bovu, akazunguka nalo kwenye vichaka vyote. Gwa! gwa! gwa! "Wazazi ee! Bwana Kiboko ni kiongozi wa vitendo! Analotaka kwa watoto wenu, ataanza nalo yeye! Leo hii ataingia darasa la kwanza. Hali uji! Hatikisiki! Hakai kivulini! Mpaka jua litue! Njooni mshangilie!"

Wazazi wakamtazama kwa jicho baya. Baba Ngiri akatema mate chini. "Jana ulimsema, leo unambebea debe," alisema. Hata watoto wake mwenyewe waliposikia waliinamisha vichwa, na kitinda mimba wake, Semeni, akamgeuzia mgongo. Hilo lilimchoma. Lakini hakuwaambia kitu, maana siri ya mtu mdogo haistahimili midomo saba.

Wakaja wote uwanjani. Makofi, vigelegele, maana kushangilia hakukuwa na hatari. Kiboko akatoka majini kwa haraka. "Nani kasema nitaingia darasani?"

"Mheshimiwa," akamnong'oneza Mama Nguchiro, "hebu sikia shangwe hiyo. Ukirudi majini sasa, watasema maoni yako ni kwa ajili ya watoto wa wenzako tu. Siku moja! Kesho ufunguo ni wako."

Kiboko akapima. Siku moja ya njaa, na baada yake ghala zima. "Siku moja? Mimi huyu? Lete dawati!"

Likaletwa dawati. Akakaa. Kacha! Likaletwa jingine. Kacha! Akakaa chini, katikati ya uwanja, juani, na watoto wa darasa la kwanza wakakaa kivulini wakimtazama.

Mwalimu Korongo akaanza. "A, e, i, o, u."

"Aaaa," akasema Kiboko, na hapo akabaki.

Jua likapanda. Ngozi ya kiboko haikuumbiwa jua. Ikaanza kukaza, ikaanza kuwasha, na jasho jekundu likamtoka mabegani.

"Mwalimu!" watoto wakapiga kelele. "Anatikisika!"

"Sitikisiki!" akafoka Kiboko.

Jua likapanda tena.

"Mwalimu! Anatikisika!"

"Nimesema sitikisiki!"

Mama Nguchiro alikuwa akizunguka uwanja, chaka-chaka-chaka, akitazama juu. Jua likafika karibu na utosi. Midomo ya Kiboko ikapasuka. Bado kidogo, akawaza. Bado kidogo tu.

Ndipo likaja wingu.

Kiangazi kizima hakikuwa na wingu, na siku ile likaja moja, nene, likakaa juu ya uwanja kama kofia. Upepo wa baridi ukapita. Kiboko akashusha pumzi, fuuuu, akacheka kwi-kwi-kwi. "Si mnaona? Kumbe rahisi. Nitakaa hapa mpaka jioni, tena nikisinzia!"

Mama Nguchiro akalitazama wingu. Akaona aliyoyafanya. Amewaita wazazi wote, amewafundisha kumshangilia. Kiboko akimaliza siku hii, hakuna tena wa kusema neno. Yeye kwa debe lake ndiye atakuwa amefunga ghala. Akasimama. Mara ya kwanza maishani mwake akasimama tuli, na wanawe wakamwona, wakaogopa.

Halafu akamwendea Mwalimu Korongo. "Mwalimu, leo mnasoma herufi gani?"

"Baada ya irabu tutasoma b."

"Mheshimiwa ni mwanafunzi mkubwa. Mpe m."

Mwalimu Korongo akamtazama kwa jicho moja. Akabadilisha mguu. Alikuwa amefundisha miaka mingi, na alijua mzazi anaposema jambo kwa sauti ndogo namna ile, linatoka ndani.

"Watoto!" akasema. "Herufi m. Nani anajua neno?"

"Mimi, mwalimu! Maji!"

"Wote!"

"Maji! Maji! Maji!"

Kicheko cha Kiboko kikakatika.

"Mimi, mwalimu! Mto!"

"Mto! Mto! Mto!"

"Matope!"

"Matope! Matope! Matope!"

Kiboko akameza mate, na mate hayakuwapo. Semeni akanyoosha mkono. Yeye hakuwa mwepesi wa kusema darasani. "Mbizi, mwalimu."

"Mbizi ni nini, Semeni? Waeleze wenzako."

"Ni kuingia chini ya maji, mwalimu. Polepole. Kichwa kinakuwa baridi, halafu mgongo, halafu tumbo lote."

"Mbizi! Mbizi! Mbizi!" darasa zima likaimba, na wazazi nao, ambao hawakujua wanafundishwa nini ila walijisikia kuimba, wakaitikia, "Maji! Mto! Matope! Mbizi!" Na hapo wingu likasogea. Jua likashuka lote kwa pamoja, pwaa! juu ya mgongo ulioanza kusahau. Na hapo hapo mpishi akatoa chungu cha uji, na harufu ya mtama ikatembea uwanjani kama mgeni anayepita kusalimia kila nyumba.

"Bwana Kiboko," akauliza mtoto mmoja, "una njaa?"

"Sina!"

"Una kiu?"

"Sina!"

"Mwalimu, anatikisika!"

Safari hii alitikisika kweli. Akainuka, uwanja ukatetemeka, tifu! tifu! tifu! Akakifikia chungu, akafungua kinywa, akamimina uji wote wa shule nzima, gubu-gubu-gubu, ukiwa unachemka. "Yalaaa!" Akakimbia mtoni huku ulimi umening'inia nje, akapita katikati ya wazazi, wakaruka huku na huku, na chubwi! Mto wote ukarukia ukingoni.

Mawimbi yakatulia. Kisha kikatoka kichwa.

"Kivuli kibaki!" akalia Kiboko. "Jamani, jua lile! Na njaa ile! Mtoto gani anaweza kusoma vile?"

Mwalimu Korongo akachukua chaki, akaandika ubaoni, polepole: MGOMBEA AMEBADILI MAONI.

Wazazi wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Mama Nguchiro hakucheka. Alikuwa akimwangalia Semeni akipangusa kingo za chungu kwa kidole, maana uji haukubaki hata tone, na watoto wote walirudi nyumbani na njaa siku ile. Akamshika mkono. Semeni hakumgeuzia mgongo tena, wakavuka vilima viwili wakiwa wameshikana mikono.

Kesho yake ikawa siku ya kura. Kura yao ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Bwana Kiboko hakutoka majini. Mgongo umebabuka, ulimi umevimba, akatuma salamu tu. Uwanja ukawa hauna mgombea.

Mama Nguchiro alikuja kama mzazi mwingine yeyote, na kama kawaida yake, huku hakai, kule hatulii. Akaenda kwenye mlango wa darasa, Baba Ngiri akamfuata nyuma. Akaenda kwenye ghala, wakamfuata watatu. Akageuka, "Mnataka nini?" wakawa kumi. Akaharakisha, wakaharakisha. Akakimbia, wakakimbia, na wazazi wote wa Kandokando wakazunguka uwanja mara tatu, mstari mmoja, vumbi juu.

"Huo ni mstari," alisema Mwalimu Korongo. "Nimehesabu. Amechaguliwa."

"Mimi?" Mama Nguchiro akahema. "Mimi siwezi hata kukaa kitini!"

"Hata madawati yalivunjika jana. Sasa, mwenyekiti, tuambie maoni yako kuhusu elimu."

Mama Nguchiro akawatazama wazazi, akawatazama watoto waliokuwa wamepanga vibakuli vyao kivulini tangu asubuhi.

"Nipeni ufunguo," akasema. "Maoni baadaye. Kwanza wale uji."

Ngano imepita, imeacha vumbi. Wa mbele alifumba macho, wa nyuma akapiga chafya.

Na fundisho lake, watoto, ni hili: kaeni, msitikisike, na mkubwa akitoa maoni msimuulize neno. Mnasikia?

— Hatusikii!

Haya, nendeni mkale.