Uzi wa Bolti ya Kumi

Hapo zamani, na si zamani ile ya sungura kuongea, ni zamani ya juzijuzi tu, katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, barabara ya kuteremkia mjini ilikuwa na kona ishirini na saba na gari moja la kuziteremka. Hapo ndipo alipoishi Mkunde. Mimba yake ilikuwa ya miezi tisa, na mtoto alikaa vibaya tumboni. Mkunga alimpapasa asubuhi ile, akasema, "Mwanangu, huyu hazaliwi hapa. Teremka hospitali leo, kabla jua halijapinduka."

Mkunde hakulia. Alijua gari lipo, na fundi wake alimjua vizuri zaidi, maana alikuwa Kupaza, kaka yake wa tumbo moja. Kupaza alikuwa ameifungua injini kubadilisha gasketi, na sasa alibakiza kukaza bolti kumi za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Wanawake wakamkalisha Mkunde mkekani, mlangoni mwa gereji.

Kupaza hakutumia kipimo cha kukazia. "Kipimo kiko hapa," alizoea kusema, akipiga kifundo cha mkono. Na kweli kilikuwa hapo. Miaka kumi na tano hakuna bolti aliyoikaza ikamwaibisha. Akakaza ya kwanza, watu wakapiga kelele, "Kaza uzi, fundi!" Akakaza ya pili. "Kaza uzi!" Mnajua wenyewe tulivyo: mtu akilima, kaza uzi, akienda kwenye mtihani, kaza uzi. Sasa tumpate mtu anayekaza bolti kwelikweli, tunyamaze?

Ikafika ya kumi. Ilikwisha kukaa sawasawa, na mkono ulimwambia basi. Lakini Kupaza akamtazama dada yake pale mkekani, akaona jasho linavyomtiririka, akasema moyoni, hebu niongeze kidogo. "Kaza uzi!" Akaongeza. Bolti ikatoa mlio mdogo, kisha ikaanza kuzunguka bure.

Hakuna aliyeona. Kupaza angeweza kufuta mikono na kusema tayari. Gari lingewaka vizuri tu. Lingefika kona ya tano au ya kumi, hedi ingepumua, maji yangeingia kwenye oili, na Mkunde angejifungulia porini. Mkunde alimwona kaka yake akiitazama ile bolti. Alimjua tangu wakila sahani moja, akajua kuna jambo.

"Nimeharibu," Kupaza akasema mbele ya umati mzima. "Nimekaza kupita kiasi, uzi umekatika. Nahitaji uzi mpya, upesi!"

Bi Zahabu, mshona nguo wa jirani, hakungoja kusikia la pili. Alitoka mbio, kanga inamdondoka, akarudi anahema na kidonge cha uzi mweusi mkononi. "Huu haukatiki," akasema. "Ndio ninaoshonea magunia."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Hata Mkunde, pamoja na uchungu wake, alicheka hadi akashika tumbo. Uzi anaousema fundi ni ile mifereji ya mzunguko iliyochongwa ndani ya tundu ili bolti iume. Bi Zahabu aliona haya, lakini hakuondoka. Akaichukua bolti ambayo Kupaza alikwisha kuichomoa, akaivingirishia uzi wake, mzunguko baada ya mzunguko, nao ukalala ndani ya mifereji ya bolti. "Mbona unaenea?" akauliza.

Mtu mmoja hakucheka. Mzee Hoza, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, aliitazama ile bolti iliyovaa uzi. Akaiendea baiskeli yake, akang'oa spoku, akaizungusha kwenye bolti vilevile alivyofanya Bi Zahabu, ikawa springi. "Kupaza, panua tundu, chonga uzi mpana, kisha ingiza hii. Bolti yako itauma hapa."

Hedi ikainuliwa. Kupaza akapanua tundu kwa keekee, akashika tapu, kile chuma cha kuchongea uzi, akachonga: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Springi ikaingia, hedi ikarudi, bolti zikakazwa moja baada ya nyingine. Safari hii hakuna aliyefungua mdomo. Kwenye ya kumi mkono ukasema basi, naye akasema basi.

Mkunde akipandishwa garini alitangaza, "Mtoto huyu atazaliwa salama, na atakayempa jina ni yule aliyenifungulia njia leo. Mmoja tu!" Kona ishirini na saba, injini haikukohoa. Jua halijapinduka, akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi.

Siku ya saba wakaja wote watatu.

Mzee Hoza akasema, "Jina ni langu kulitoa. Marehemu mke wangu aliitwa Mwanamvua, na nyumbani kwangu hakuna tena wa kuitwa hivyo. Nyote mlicheka, mimi nikaona. Bila mimi, ule ungebaki uzi wa magunia."

Bi Zahabu akasema, "Jina ni langu. Nimeshona nguo za watoto wa kijiji hiki chote, sijawahi kumpa jina hata mmoja, na sikujaliwa wangu. Nilikosea, sawa! Mjuzi asingeleta uzi. Bila mimi, mzee, ungeona nini?"

Kupaza akasema, "Jina ni langu, nalo ni la mama yetu. Bila mimi kusema nimeharibu, uzi ungebaki dukani na spoku ingebaki kwenye gurudumu. Na aliyechonga ni mimi."

"Mkono huohuo ndio uliokata!" Bi Zahabu akadakia.

"Kwa kunipenda," Mkunde akajibu kwa sauti ndogo. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa. Kwao jina hunong'onwa sikioni mwa mtoto mara moja tu, na likishaingia halitolewi. Akamwinua binti yake kwa mikono miwili. Mikono sita ikanyooshwa kumpokea.

Haya, ninyi mlioketi, msijifanye mmesinzia. Mtoto yuko hewani, mikono ya mama inachoka. Amkabidhi nani? Je, kati yao, nani alistahili?