Somo la Salamu kwenye Chemchemi ya Mpakani

Hapo zamani, kale ile ya wanyama kuwa na nyumba zao, mafiga yao na majirani wa kuazimana chumvi, palikuwa na nchi mbili zilizopakana. Juu ni Milimani, chini ni Bondeni. Lugha yao ilikuwa moja. Matamshi ndiyo yaliyowatenga.

Watu wa Milimani waliyavuta maneno kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda. Ukimuuliza mmoja wao njia, atakwambia "ni kuleee chiniii," na kabla hajamaliza wewe umeshafika. Wa Bondeni waliyakata maneno, kak-kak-kak, kama wanakata mchicha. Mchana ukikolea, Milimani walisema jua limekaa. Bondeni walisema jua limetupanda kichwani. Ukimjulia hali wa Milimani, atajibu "tumekaa." Wa Bondeni atajibu "tunasukuma." Na kila upande uliamini upande wa pili haujui kusema. Ndivyo watu walivyo, msiniulize kwa nini.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Visima vya Bondeni vikakauka mpaka vyura wakahama. Ikabaki chemchemi moja tu, pale mpakani, chini ya miamba. Kifaru na Nyati, wote wawili wa Milimani, wakashuka wakaketi njiani, wakatangaza kwamba maji yale ni ya watu wa kwao tu. Na mtu wa kwao atajulikanaje? Kwa mdomo wake. Aje, aseme, wampime.

Digidigi wa Bondeni akaenda kuomba. Hata hakumaliza. Nyati alipuliza pua, pfuu! na Digidigi akarudi nyumbani kwake kama hakukanyaga chini.

Sasa, huko Bondeni alikuwako Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto watatu. Wa mwisho, jina lake Tatu, alikuwa ameacha kulia tangu jana yake. Mtoto akilia kiu, bado ana nguvu. Akinyamaza, hapo ndipo mama hutoka mbio kutafuta maji.

Bi Nguchiro alikuwa amewasikia watu wa Milimani gulioni miaka mingi. Akaenda chemchemini, akayavuta maneno vizuri kabisa, mpaka Nyati akaanza kusogea ampishe. Kifaru akamuuliza tu, kwa mazoea, habari za nyumbani.

"Tunasukuma," akajibu Bi Nguchiro.

Basi yakaharibika. Kifaru alicheka mpaka kope zikalowa, kisha akamwambia hata ayavute maneno mpaka yakatike, atanuka Bondeni tu. Wakamfukuza.

Alirudi hana maji, lakini hakukaa kulia. Kulia nako kunataka maji. Alikaa akifikiri juu ya watu wa Milimani na salamu zao. Salamu za Milimani hazina haraka. Unaulizwa wewe, nyumba, paa la nyumba, shamba, kidonda chako cha mwaka juzi, na wakwe zako mmoja mmoja. Anayesalimiwa humtazama usoni anayemsalimia mpaka mwisho. Kugeuza shingo katikati ni kumtukana matusi mazito. Na salamu ikikosewa, sharti ianzwe upya toka mwanzo, kwa maana wanaamini kwamba aliyerukwa bila kujuliwa hali ataugua.

Kulipokucha, Bi Nguchiro akapita nyumba kwa nyumba. Akawaambia majirani wachukue vibuyu, wawabebe na watoto wake, wapite kwenye matete nyuma ya mwamba, kimya.

Yeye akaenda kwa njia kuu, peke yake, akisema kwa matamshi yake ya Bondeni bila kuyaficha.

"Shikamooni, wazee wangu. Sikuja kuomba maji leo. Nimekuja mnifundishe kusema. Jana nilijiaibisha, na usingizi sikupata."

Kifaru akamtazama Nyati. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba Kifaru kitu isipokuwa asogee. Akakohoa, akaketi sawasawa, akamwambia Nyati naye aketi, maana kazi ya kufundisha haifanywi kwa kusimama. Wakaketi wamemwelekea Bi Nguchiro, migongo kwenye chemchemi.

Somo likaanza. Bi Nguchiro akachuchumaa, akawajulia hali. Kifaru akasema hapana, vuta zaidi. Akavuta. Akauliza nyumba, akauliza paa, akafika shambani, akalikata neno kak! kama wa Bondeni. Kifaru akatikisa kichwa kwa huruma, akamwamuru aanze upya. Akaanza upya. Safari ile akamruka mjomba wa Nyati, na Nyati akashtuka kweli, kwa kuwa mjomba huyo alikuwa na kifua kibovu. Upya tena.

Nyuma yao matete yakafunguka. Digidigi wa kwanza, kisha Kanga na wanawe, kisha watoto wa Bi Nguchiro. Wakainama. Gubu, gubu, gubu. Vibuyu vikazamishwa kimoja baada ya kingine.

Kibuyu kimoja kikamponyoka Kanga. Chubwi!

Sikio la Nyati likasimama. Shingo ikaanza kugeuka.

"Nyati," Kifaru akamkemea, "mtu anakuuliza hali ya mama mkwe wako, nawe unageuza shingo? Umelelewa wapi, Bondeni?"

Nyati akaona haya. Akarudisha shingo, akajibu kwamba mama mkwe amekaa.

"Na magoti yake?" akauliza Bi Nguchiro, taratibu.

"Magoti nayo yamekaaa," akajibu Nyati, macho mbele.

Wakaendelea hivyo mpaka jua likakaa, au likawapanda kichwani, semeni mnavyotaka. Kifaru akawa anasifu. Akasema mama huyu ana sikio, na kwamba akifundishwa mwezi mzima hakuna atakayemtambua. Koo lilikuwa limemkauka kwa kusahihisha. Mwishowe, Bi Nguchiro alipoona tete la mwisho limetulia, akaimaliza salamu bila kosa hata moja, akainuka, akawashukuru wazee.

Kifaru akageuka akanywe. Akakuta tope. Juu ya tope, nyayo: za kwato ndogo, za kucha, na nyingine ndogo zaidi za watoto. Maji ya chemchemi ile hutoka tone kwa tone. Yangejaa tena, lakini si kabla ya kesho.

"Wewe mama," akasema Kifaru, na safari hii hakuvuta neno, "umekuja kujifunza, au umekuja kutuibia?"

Bi Nguchiro alikuwa ameshapanda kwenye mwamba, kwenye ufa ambao pembe ya kifaru haiingii.

"Kuvuta maneno nilikuwa najua tangu jana, mzee wangu," akasema. "Leo watoto wamekunywa."

Chini kabisa, kwenye njia ya Bondeni, sauti nyembamba ikapanda. Tatu alikuwa analia. Analia kwa nguvu, anataka kubebwa, na mama yake akashuka upande wa pili wa mwamba mbio kuliko alivyowahi kukimbia.

Kifaru na Nyati wakabaki wameketi kando ya tope na makoo yao makavu, wakingoja matone, wakibishana kama yule mama alilivuta vizuri lile neno la mwisho au alilikata kidogo.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na funzo lake ni hili: ukishughulika na jinsi mtu anavyotamka, hutaona anachofanya.