Chui Alivyomlea Kitinda Mimba

— Ngano inabisha hodi.
— Ikaribie, na uongo wake.
— Uongo tuutie sukari?
— Tia, ikolee.

Hapo kale, mawe yakiwa bado laini na ukungu ukilala bondeni mchana kutwa, aliishi pimbi, Mama Siwema, na watoto wake wawili kwenye ufa wa mwamba. Siwema ndiye kifungua mimba. Kidawa ndiye kitinda mimba. Mama akienda kutafuta majani husema: Siwema, mbebe mdogo wako. Siwema, tazama juu, tai asije. Siwema, tazama chini, nyoka asije. Kidawa haambiwi kitu. Kidawa hulala.

Basi moyo wa Siwema ukawa unakwenda du-du-du, du-du-du. Wa Kidawa, du... du... Pimbi wanasema juu ya figo kuna tone chungu. Ukishtuka linadondoka, ti, linaingia kwenye damu. La Siwema lilidondoka asubuhi hadi jioni: ti, ti, ti.

Siku moja mama akiwa majanini, ukungu ukafunguka, akatokea Chui. Hakuwa na haraka. Alijilaza mlangoni, mkia unacheza.

"Shikamoo, mjomba," alisema Siwema.

"Marahaba. Nitaanza na wewe, una nyama."

Siwema akamwomba kwanza aweke sikio kifuani pake. Chui akaweka. Du-du-du. Akauliza ni ngoma ya wapi hiyo.

"Ni uchungu, mjomba. Kifungua mimba ni mchungu mpaka kwenye kucha. Msikilize mdogo wangu."

Chui akasikiliza. Du... du... Mate yakamtoka, akapanua kinywa.

"Taratibu. Ukimshtua, tone linadondoka, naye anachacha. Mbebe kwanza, usingizi umkolee."

Chui akambeba. Akatembea kwa ncha za vidole, nya, nya, nya. Akatazama juu, tai asije akalia. Akatazama chini, asije akavunja kijiti. Nzi akaja, akampepea kwa mkia. Jani likaanguka, akalikata jicho. Kidawa akikunja uso, Chui anaimba, lala, lala, na ukungu ukawazingira wakawa kama kivuli kinachoelea. Kila alipouliza kama tayari, Siwema alimjibu bado kidogo, mpapase mgongo.

Jua likazunguka. Ghafla Chui akasimama. Du-du-du, du-du-du.

"Nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja," alisema Siwema. "Ni moyo wako, mjomba. Sasa na wewe ni mkubwa wa nyumba. Ukila na moyo huo, hata asali ni shubiri."

Chui akaramba midomo. Michungu kweli. Akamrudisha mtoto polepole, akaondoka kwa ncha za vidole. Alipofika mbali akageuka, akauliza kwa kunong'ona kama amefunikwa vizuri. Siwema akamwambia ndiyo, kisha akajinyoosha juu ya jiwe laini, akazama usingizini kama kokoto majini.

Ngano imechoka, imekaa chini. Aliye macho aipishe.

Funzo lake: kifungua mimba asibebeshwe mizigo ya nyumba, apumzike. Mmelielewa? Nani kaitikia, ni wewe mkubwa? Vizuri. Basi inuka ukazime taa, ufunge mlango, uwafunike wenzako.