Njia ya Mianzi ya Bi Kindi

Aliyemwambia Bi Kindi kwanza habari za nyuzi za mwilini alikuwa Mzee Nungunungu, mganga wa kuchomoa miiba, zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na mikeka yao.

Bi Kindi alikuwa amekanyaga mwiba. Akauliza, huku akiona haya, ilikuwaje mguu ukaruka kabla mwenyewe hajajua kilichomchoma.

Nungunungu akamweleza. Ndani ya mguu mna nyuzi nyembamba za fahamu zinazopeleka habari mpaka mgongoni na kichwani. Nyingine ziko uchi. Humo habari hutambaa polepole, ndiyo maana maumivu ya kupwita huja nyuma. Lakini nyingine zimeviringishiwa mafuta, tabaka juu ya tabaka, kama mtoto mchanga ndani ya kanga.

"Mafuta hayo yamefunika uzi wote?" akauliza Bi Kindi.

"Hapana, mwanangu. Yameacha mapengo madogo madogo. Chini ya mafuta habari haivuji. Ikifika penye pengo inapata nguvu mpya, inarukia pengo la mbele. Ukiyaziba, itafia njiani."

Bi Kindi akautazama mguu wake kama mtu aliyeonyeshwa mgeni mheshimiwa.

Kiangazi hicho Bwana Nyati alikuwa ameikalia chemchemi ya mlimani. Yeye ndiye aliyekimbia kutoka bondeni kuwaonya wenzake moto ulipozuka huko, basi akaamuru kwamba asiyeleta habari asinywe maji. Wanawe Bi Kindi walikuwa wamekauka midomo. Mama yao akamwendea Nyati, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ataleta habari upesi zaidi. Akishindwa, atauhama mlima pamoja na wanawe.

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga mti. "Wewe, bibie? Jani likikuangukia si unahitaji kuinuliwa?"

Bi Kindi na dada zake wakakata mianzi, wakatoboa vifundo vya ndani, wakailaza kutoka bondeni hadi chemchemini. Wakaiviringishia majani ya mgomba na nta, mzunguko juu ya mzunguko, ili sauti isivuje. Kila mwanzi ulipokwisha, wakaacha nafasi ya kindi mmoja kukaa.

Nyati akapita kukagua. "Mbona mmeacha mapengo?"

Bi Kindi akawaza. Nyati angejua, angeyaziba yote kwa udongo. Akainamisha macho.

"Nta iliniishia, Bwana. Na dada zangu huchoka, nimewaachia pa kukaa."

"Kazi za wadogo hizi," akasema Nyati, akaenda zake.

Siku ya shindano Tandala, mwamuzi, alikaa chemchemini. Bi Kindi alikuwa kando yake, sikio kwenye mwanzi wa mwisho. Kule bondeni Kima alimnong'oneza Nyati neno la siri, kisha akalisema kwenye mdomo wa mwanzi wa kwanza.

Nyati akatoka, puu, puu, puu, vumbi likapanda. Neno nalo likapita ndani ya mwanzi. Lilipoanza kufifia, dada wa kwanza akalidaka, akalisema upya kwa nguvu, likarukia kwa wa pili, na wa pili akafanya vivyo hivyo. Nyati hajavuka hata kijito kilichokauka cha bondeni, Bi Kindi akamwambia Tandala, "Mtama wa kusini umeiva."

Nyati alipofika, ulimi nje, akalitamka neno hilohilo. Tandala akamjibu kwamba wamekwisha kulisikia kitambo, na kuanzia leo chemchemi ni ya wote.

"Ulipita wapi?" Nyati akamfokea Bi Kindi. "Sikukuona njiani."

"Sikukimbia, Bwana. Kilichoruka ni neno, na liliruka kwenye yale mapengo uliyoyadharau."

Basi wanangu, msidharau kitu kabla hamjaijua kazi yake.

Kesho yake asubuhi, wanawe walipokwisha kunywa, Bi Kindi alichukua nta mbichi akashuka kando ya mianzi, na kila mahali kwato za Nyati zilipochubua majani, akapaviringishia upya.