Tundu la Mlangoni kwa Bi Kristina

Mficha tundu huvunja sakafu. Maneno hayo nilimwambia Asifiwe asubuhi, alipokuwa anaziba kwa saruji marumaru aliyoipasua, akidhani sijamwona. Nyote mnaojifunza kazi kwangu mkacheka, mkauliza kama ni methali ya Wakinga au ya Wabena. Si yao. Ilitoka kwenye kosa langu, na ilianza hivi: nilitoboa waya uliokuwa chini ya sakafu ya mtu, nikaziba tundu, nikanyamaza.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Kristina Tweve, mjane, hapa hapa Makete. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua, maji ya ndoo yanashika barafu juu. Magoti yake yalikuwa yamevimba, asubuhi hayakunjuki. Mwaka huo, mwezi wa pili, mwanawe Zakaria, aliyekuwa anafanya kazi Ulaya, akaleta waya wa kutandaza chini ya sakafu. Ukiwasha umeme, joto linapanda kutoka chini, kama udongo wa mekoni moto ukishazimwa. Kabla mwezi haujaisha Bi Kristina aliuacha mkongojo. Wageni wakija aliwalazimisha kuvua viatu. "Vueni, vueni," anasema, "sakafu yangu haiumi mtu."

Waya aliutandaza Mzee Ilomo. Marumaru nilipanga mimi. Mzee Ilomo ndiye aliyenitoa kwenye kubeba zege. Niliacha shule darasa la tano, hakuna aliyetaka kunifundisha kitu, yeye akanipa mwiko. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka tisa. Siku tulipomaliza chumba kile alinishika bega.

"Luvanda, humu hakiingii kitu chini bila kuniuliza. Hata msumari."

"Nimesikia, Mzee."

Nilikuwa nimesikia kweli. Sitaki mseme sikujua.

Baada ya miezi miwili Bi Kristina aliniita. Mlango ulikuwa unagonga ukuta na kubandua rangi, akataka kizuizi. Mzee Ilomo alikuwa Bulongwa kwenye kazi, na mimi kulikuwa na watu wananisubiri kwingine. Nikapima kwa jicho, nikatoboa sakafu karibu na mlango. Drili ikashtuka mkononi, ikanuka mpira ulioungua. Nikaichomoa. Umeme haukukatika, na nilipoweka kiganja sakafuni joto lilikuwepo. Nikajiambia, basi, hakuna neno. Nikachanganya saruji nyeupe na masizi kidogo mpaka rangi ikalingana na marumaru, nikaziba, nikasugua. Kizuizi nikakifunga ukutani. Niliziba vizuri sana. Kila nikikumbuka, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwezi wa sita sakafu ikaanza kusumbua. Ikipigwa deki, swichi inaanguka na umeme unakatika. Ikikauka, inakubali. Baada ya wiki ikakataa kabisa, na chumba kikawa baridi kama ghala la viazi.

Mzee Ilomo akaitwa. Akapima waya kwa mita yake, leo inamwambia mzima, kesho inamwambia mbovu. Waya uliokatika kabisa unatafutika. Huu ulikuwa umechubuliwa tu, ukilowa unaugua, ukikauka unapona. Mzee akaniuliza, kwa sababu ndiyo kazi yake kuuliza:

"Kuna mtu aligusa sakafu hii?"

"Sijui, Mzee. Labda waya uliumia ulipokuwa unautandaza."

Hayo ndiyo niliyomwambia mtu aliyenipa mwiko.

Akaanza kubomoa. Alianzia katikati, akaenda dirishani, akaenda chini ya kitanda. Kila mahali anapiga tindo, anafukua mpaka kwenye waya, anaukagua kwa vidole, mzima. Nami nilikuwa naokota vipande pembeni yake. Bi Kristina alihamia jikoni kwenye moshi, amejifunga blanketi mbili, na utani wake bado anao.

"Fundi Ilomo, unatafuta waya au unatafuta dhahabu?"

"Nikipata dhahabu tutagawana, mama."

"Mimi nipe magoti tu. Dhahabu chukua wewe."

Siku ya tano alikuwa bado anacheka. Siku ya nane alikuwa ameushika tena mkongojo, na utani ulikuwa umekwisha.

Siku ya kumi na moja Zakaria alipiga simu. Bi Kristina akaiweka sauti ya nje, maana masikio yake hayakuwa mazuri. Sote tukasikia.

"Mama, huyo mzee ameshachoka. Aliharibu mwenyewe, sasa anakubomolea nyumba. Mwache apumzike. Kazi mpe yule kijana, Luvanda."

Mzee Ilomo alikuwa amepiga magoti sakafuni, tindo mkononi. Hakuinua kichwa. Akaanza kufuta vumbi kwenye vyombo vyake na kuvirudisha mfukoni kimoja kimoja. Alipofika kwenye mita, aliifuta kioo mara mbili kabla ya kuifunga. Hapo nikashindwa.

"Mzee, tundu ni langu."

"Tundu gani?"

"La kizuizi cha mlango. Nilitoboa, nikaziba."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

Akatoa tena tindo mfukoni. "Nionyeshe."

Nikapiga magoti mlangoni. Vijana, sikuliona. Nilipapasa kwa vidole, nikakwaruza kwa msumari, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Niliziba vizuri hata mimi mwenyewe nikapotea. Nilipolipata lilikuwa kwenye marumaru ya tatu kutoka mlangoni, mahali ambapo Mzee alikuwa anapavuka kila asubuhi akiingia kazini.

Akafukua. Akakikata kipande kilichochubuka, akaunga kwa vijibomba vya shaba, akavika mpira unaonywea kwa moto, akapima, akafukia. Haikufika saa moja. Alipomaliza alisimama kwa kushika ukuta.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema, "ningevunja marumaru moja. Mficha tundu huvunja sakafu, Luvanda."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Zakaria nilimpigia mwenyewe, nikamweleza. Lakini habari ya mzee aliyebomoa nyumba ya mjane ilikuwa imeshafika mbali, na watu watatu waliokuwa wamemwahidi kazi walikwisha tafuta wengine. Niliwaendea wote watatu. Wawili waliniambia ninamtetea kwa sababu ni mwalimu wangu. Kabla ya Krismasi alihamia kwa binti yake Mbarali, kwenye joto. Aliniachia mwiko, mita akaenda nayo. Miaka minne baadaye nilikwenda Mbarali kumzika.

Marumaru za namna ile hazikuwa zinauzwa tena. Tuliziba kwa za rangi nyingine, na mpaka leo ukiingia chumba kile unaona mahali pote alipopiga tindo. Joto lilirudi, lakini Bi Kristina hakuuacha tena mkongojo.

Basi hesabuni wenyewe. Tundu moja, unene wa kalamu. Marumaru ishirini na saba. Siku kumi na moja za baridi. Magoti mawili ya mama wa watu. Jina la fundi mmoja, ambaye hakuwa amekosa kitu. Mwalimu mmoja, na sikuwa na mwingine.

Asifiwe, ile marumaru ing'oe. Mficha tundu huvunja sakafu.