Fimbo ya Kwanza ni ya Mwenye Mali

Ndugu zangu, nifuateni hadi kwenye bonde moja la wakulima wa vitunguu. Msiniulize liko wapi, maana mkilijua mtasema, "Aa, hao ndivyo walivyo," kisha mtalala usingizi wenu.

Bonde hilo lilisumbuliwa na wezi wa pampu za kumwagilia. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mtu ameuza mbuzi wake wote akapata pampu, asubuhi anakuta mpira wa maji tu umelala mferejini. Walikasirika, na nani angewalaumu? Wakakaa kikao, wakawekeana desturi. Filimbi ikilia, kila nyumba itoe mtu na fimbo, na asiyetokea naye ni mwizi. Mwizi akikamatwa, kila mtu anampiga fimbo moja tu, na mwenye mali ndiye anayeanza. Kwa nini moja moja? Ili akifa, asipatikane muuaji. Mmeiona akili hiyo? Fimbo mia mbili zimeanguka, mtu amekufa, na hakuna aliyeua!

Basi siku moja, jua la saa saba, filimbi ikalia. Mwanamume mmoja alikuwa amekutwa njiani na pampu nyuma ya baiskeli. Wakamburuta hadi katikati ya shamba, wakampigisha magoti kwenye tope.

Hakuthubutu kuinua uso. Alichoona ni miguu. Mabuti ya mvua, raba, miguu mitupu yenye nyufa, yote ikimsogelea na kuziba nafasi iliyobaki. Katikati ya miguu hiyo akaitambua kandambili moja ya bluu, ukanda wake umeshikizwa kwa waya. Ilikuwa ya shemeji yake. Juzi tu walikula ugali sahani moja. Leo shemeji amekuja na fimbo kama wengine, kwa sababu asingekuja angeitwa mshirika. Hapo ndipo yule bwana alipojua kwamba anakufa. Wanakwaya, msinicheke, mkojo ulimtoka. Ungekuwa wewe, usingekutoka?

"Nisikilizeni," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Atulie huyo!" mtu akafoka. "Mama, mali ni yako. Anza!"

Mwenye pampu alikuwa mjane wa makamo. Akasogea na fimbo yake ya mkwaju. Yule bwana akaona pindo la kanga likisimama mbele ya pua yake, akafumba macho, akangoja. Akangoja sana. Fimbo haikuja.

"Kuna mtu amemuuliza?" mama akasema.

"Aulizwe nini, mama?" kiongozi wao akamjibu. "Si amekutwa nayo?"

"Amekutwa nayo, nimeona. Nauliza kama ameulizwa." Akainama. "Baba, umeiba pampu yangu?"

Yule bwana akafungua kinywa. Neno halikutoka hata moja.

"Kanyamaza!" watu wakapiga kelele. "Mnaona? Kanyamaza! Ndiye!"

"Na mimi ningenyamaza," mama akasema, ingawa alijua watu wenye hasira wanaweza kumgeukia yeyote. "Mtu mwenye fimbo mia mbili juu ya kichwa atajibu nini cha kweli? Apelekwe kituoni. Akasemee mahali ambapo hakuna fimbo."

"Huko watamwachia!"

"Wakimwachia, nitakwenda kuwauliza wao. Mimi sianzi."

Akaitupa fimbo yake mferejini. Na kwa kuwa desturi yao wenyewe ilisema mwenye mali ndiye anayeanza, hakuna aliyepata pa kuanzia. Wakamsindikiza kituoni, wamenuna kweli kweli.

Nawaona mnashusha pumzi. Kina mama kule nyuma mnatikisa vichwa, mnangoja niwaambie kwamba pampu aliiazima, au alisingiziwa, au mwizi hasa alikuwa yule aliyepuliza filimbi. Sivyo?

Ndugu zangu, aliiba.

Mbona mmeguna? Aliiba! Mahakamani alisomewa shitaka lake, akapewa nafasi ya kumuuliza maswali yule mama na wale waliomkamata, akajitetea mpaka maneno yakamwishia. Hakimu akaona ushahidi umetosha, akamfunga miezi minane. Miezi minane! Ninyi kule bondeni mlitaka kumpa kaburi kwa kosa hilo hilo. Nimesema ninyi, na simaanishi watu wa vitunguu.

Watu walimwendea yule mama wakamwambia, "Si tulikwambia? Ulikuwa unajua kabisa pampu ni yako." Akawajibu, "Pampu niliijua. Yeye sikumjua."

Sasa tuambiane ukweli sisi tulio humu. Tulimhurumia yule bwana tukidhani hana kosa, na niliposema aliiba, baadhi yetu tumejuta huruma yetu. Nimeziona nyuso. Kumbe haki ya kusikilizwa tunaifanya zawadi ya watu wema! Na ni nani anayejua kuwa mtu ni mwema kabla hajamsikiliza? Hilo ndilo linaloniogopesha mimi mchungaji wenu, kuliko wezi wote wa wilaya hii.

Kwa sababu iko siku kila mmoja wetu atasimama mbele za Mungu, na siku hiyo hakuna hata mmoja atakayesema, "Nisikilize kwa kuwa sikukosa." Tutaomba kusikilizwa tukiwa tumekosa kweli, na ushahidi upo. Basi inamisheni vichwa, tuombe. Lakini kabla hujafumba macho, mtaje moyoni yule uliyekwisha kumhukumu wiki hii bila kumuuliza hata swali moja. Wengine wenu mmekaa naye benchi moja.