Dalali Aliyeomba Nyumba Ivuje

Soma mpaka mwisho, kisha mpelekee yeyote unayemjua anahangaika kutafuta nyumba.

Katika mji wa Mfalme Kasanda palikuwa na dalali wa nyumba aliyeitwa Kapaya. Mdomo wake ulikuwa mtamu kuliko asali. Chumba kisicho na dirisha alikiita chumba cha watu wenye siri zao. Nyumba iliyopakana na mtaro unaonuka aliisifia kuwa ipo karibu na maji.

Siku moja mama mwenye mapacha alifika mbele ya Mfalme akiwa ameloa chapachapa. Kapaya alimpatia nyumba wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza iliponyesha, masufuria yake yalielea chumbani kama bata.

Mfalme akakasirika, akapiga mbiu.

"Kuanzia leo hakuna dalali bila leseni yangu. Kila nyumba itundikwe ubao mlangoni, na dalali aandike hapo kasoro zake zote. Leseni ya kwanza ni ya miezi mitatu. Muda huo ukiisha na dalali hajampatia mtu hata mmoja nyumba, au amelalamikiwa kwa haki, leseni ninaichukua."

Kapaya alirudi kwake akiwa ameshika kichwa. Kazi nyingine hakuijua. Jembe lilimchubua viganja, na biashara ya mayai ilimshinda kwa sababu aliyasifia mpaka yakaharibika mkononi.

"Kasoro!" alimwambia mkewe. "Nani ananunua embe kwa kuambiwa limeoza upande?"

"Anayetaka kula upande mzima," mkewe akajibu, huku akiendelea kuchambua mchele.

Kapaya hakumsikiliza. Alizunguka nyumba zake zote, na kwenye kila ubao akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: KASORO: HAKUNA.

Siku hizohizo alipata leseni dalali mpya, Bi Nyamizi, mjane aliyekuwa akisuka mikeka. Yeye kabla ya kuandika alikuwa akiingia ndani, anagonga kuta, anapanda juu ya kigoda kutazama dari, hata chooni anachuchumaa kidogo. Kisha anaandika: "Paa linavuja upande wa jikoni. Dirisha moja halifungi. Jogoo wa jirani hajui saa."

Watu walisoma wakacheka. Lakini walipomaliza kucheka, walibisha hodi.

"Mtu aliyetuambia habari ya jogoo," walisema, "kungekuwa na nyoka asingetuficha."

Kwa Kapaya walisoma ubao, wakatikisa kichwa, wakapita.

"Dada, rudi!" alimwita mmoja. "Nyumba hii haina kasoro hata moja!"

"Ndiyo maana naogopa, kaka."

Miezi miwili ikaisha. Nyumba za Bi Nyamizi zilijaa watu, na za Kapaya zilijaa buibui. Akalala kitandani mchana kutwa akiwaza, kisha akaruka juu kama aliyeumwa na siafu.

"Kumbe watu wa mji huu wanapenda kasoro! Basi watazipata. Yule mama anaandika tatu tatu, mimi nitaandika saba!"

Kesho yake asubuhi akaenda mbio kwenye nyumba ya Mzee Mihayo, nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga ndani. Pale pale mlangoni, bila hata kuchungulia, akaandika: "Paa linavuja kotekote. Kuta zina unyevu. Panya ni wengi na hawana adabu. Sakafu inazama. Kisima kimekauka. Choo kinatisha. Jirani ni mgomvi." Akarudi nyuma hatua mbili akausoma ubao, na roho yake ikasuuzika.

Asubuhi hiyohiyo Kalunde, mama kijana, alikuwa kwa Bi Nyamizi na mtoto wake mgongoni. Mtoto alikohoa, na kila alipokohoa mama alimpapasa mgongo polepole.

"Nyumba hii nimeipenda," alisema Kalunde.

"Hapana, mwanangu, hii siyo yako," Bi Nyamizi akasema. "Ukuta wa chumbani unatoa maji, na huyu kifua kinambana. Nenda kwa Mzee Mihayo. Dalali wake ni Kapaya, siyo mimi, lakini ile nyumba ni kavu. Nilimsukia mikeka pale wakati wa masika."

Akamsindikiza mwenyewe, amembebea na kikapu.

Walipofika, Kalunde alisoma ubao, akasoma tena, macho yakamjaa machozi.

"Bi Nyamizi, hata hapa kuna unyevu."

Mara akatokea Mzee Mihayo mwenyewe, aliyekuja kumwagilia mgomba wake. Akauliza kuna nini, akasomewa. Mzee akaitupa fimbo yake chini.

"Nyumba niliyoijenga kwa mikono hii! Tofali kwa tofali! Inavuja?"

"Na mgomvi ni nani?" ilisikika sauti kutoka uani. Jirani, Mama Wande, alitoka na mwiko mkononi. "Nasema, nani kaniandika mgomvi?" Alipomwona Kapaya, ambaye alikuwa bado hajaondoka, akijificha nyuma ya mgomba na kalamu mkononi, alimkimbiza wakazunguka nyumba mara tatu.

Kesi ikafika kwa Mfalme. Mvua ilikuwa imeanza, naye akaamua kwenda kuona kwa macho yake, wote wakamfuata. Akaingia nyumba ya Mzee Mihayo, akaikagua yote mpaka chooni na kisimani, kisha akavua kilemba, akaketi katikati ya sebule, kichwa wazi.

"Umeandika linavuja kotekote," alimwambia Kapaya. "Mimi nipo hapa. Nionyeshe tone moja."

Mvua ilipiga bati kama ngoma za harusi. Wote walitazama juu. Kapaya, ambaye maisha yake yote alizisifia nyumba zilizovuja, sasa alikunja mikono kifuani akaomba kimoyomoyo: "Ee Mungu, tone moja tu! Hata dogo!"

Halikushuka. Mtoto wa Kalunde alikuwa ameshalala kwenye sakafu kavu, na kikohozi kimetulia.

"Mtukufu Mfalme," Kapaya akalia, "uliniamuru niandike kasoro. Si nimeandika?"

"Umeandika kasoro za nyumba gani? Kati ya saba nimeona moja tu, ile ya jirani, tena umeisababisha wewe. Mama huyu alikaribia kurudi kwenye unyevu na mtoto mgonjwa, kwa sababu ya kalamu yako. Lete leseni."

Kapaya akaitoa. Kalunde aliichukua nyumba ile, hivyo Kapaya akawa amempatia mtu nyumba, lakini kwa malalamiko yale leseni haikurudi.

Bi Nyamizi akapiga goti.

"Mfalme, mimi magoti yananiuma, na vigoda vya kupanda ni vingi. Nipe huyu anisaidie mwaka mmoja, kisha umtahini upya. Mwandiko wake ni mzuri. Ni miguu tu ndiyo haikuwahi kuingia ndani."

Mfalme akacheka, akakubali.

Kazi ya kwanza ya Kapaya ilikuwa kuandika upya ubao wa Mzee Mihayo. Siku iliyofuata aliingia kila chumba. Aligonga kuta. Alichuchumaa chooni. Mwishowe alitoka uani, akamkuta Mama Wande amekaa na Kalunde. Akasita.

"Na wewe, shangazi, nikuandike vipi?"

"Andika ulichokiona!" Mama Wande akafoka.

Kapaya akatazama vizuri, kisha akaenda kwenye ubao na kuandika taratibu: "Mlango wa nyuma ni mgumu kufunga, nimeujaribu mara tatu. Jirani ni mkali, lakini leo amemletea mtoto uji."

Funzo: Ukweli siyo kusifu wala kuponda, ukweli ni kuingia ndani ukatazama kwanza, kisha ukamwambia mwenzako ulichokiona.